Tuzo kwa Profesa, Njaa kwa Maabara: Niliyoyaona Durban



Mdogo wangu wa mwisho amemaliza shahada ya kwanza ya kemia huko nyumbani. Mwezi uliopita aliniandikia ujumbe mfupi: "Shikamoo dada. Hivi huko Durban mtu akisoma masta ya kemia, chuo kinampa vitendanishi au anajinunulia?" Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana niliona swali lenyewe ni taarifa kamili kuhusu vitivo vyetu vya sayansi. Kijana hakuuliza nani atamsimamia, wala atatafiti nini. Ameuliza kama chupa za maabara zitakuwa na kitu ndani.

Yeye nimemjibu kwa simu. Hapa nataka kujibu swali kubwa lililo nyuma ya lile lake, kwa sababu linatuhusu sote, tulioko nje na mlioko nyumbani. Kwa nini kitivo cha sayansi cha chuo kimoja kinakuwa na nguvu, na cha chuo kingine kinabaki na majengo na vyeo? Wengi wetu tuna majibu mawili mfukoni. La kwanza: wenzetu wana fedha. La pili: sisi hatuna vichwa. Nimeishi Durban miaka ya kutosha kujua kwamba la pili ni uongo na la kwanza ni nusu tu ya ukweli. Nusu iliyobaki ni muundo: fedha zinapita mlango gani, mtafiti anakaa jirani na nani, na akisema ukweli usiopendeza nani anaweza kumfukuza.

Niseme mapema, nisije nikasulubiwa: mimi ni muuguzi, si mwanasayansi wa maabara. Shahada yangu ya uuguzi niliipata nyumbani, kwenye chuo nisichokitaja, ambako tulikuwa wanafunzi 12 kwa hadubini moja. Unachungulia, unapisha, unaandika ulichosimuliwa na aliyeona vizuri. Sasa nafanya kazi kwenye wodi hapa Durban ambayo wagonjwa wake wengi wana kifua kikuu, au VVU, au vyote viwili. Kwa hiyo sayansi ya chuo kikuu naijua kwa upande wa yule anayepokea kikopo cha makohozi, akakiandika jina na kukitia kwenye boksi. Naijua pia kupitia vijana wa Kitanzania na Kikongo wanaosoma hapa, ambao Jumapili wakipita kwangu kula ugali hawana mazungumzo mengine ila wasimamizi wao na majokofu yao.

Tuanze na chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilizaliwa tarehe 1 Januari 2004 kwa kuunganisha vyuo viwili. Kimoja ni Chuo Kikuu cha Natal, chenye mizizi tangu 1910, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha Wazungu isipokuwa shule yake ya udaktari iliyofunguliwa 1951 kwa ajili ya wanafunzi weusi. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Durban-Westville, ambacho serikali ya ubaguzi ilikianzisha kwa ajili ya Wahindi. Fikiria mji mmoja wenye idara mbili za kemia, mbili za fizikia na mbili za hisabati, na ukuta kati yake ni rangi ya ngozi! Muungano haukuwa lelemama. Kulikuwa na ugomvi, mgomo na lawama, na wapo wanaolalamika mpaka leo. Lakini baada ya miaka michache walikubali kufanya jambo ambalo kwetu ni mwiko: walipunguza viti. Vitivo vinane vilivunjwa, na kufikia 2012 chuo kikabaki na ndaki nne. Sayansi ikawekwa pamoja na kilimo na uhandisi katika ndaki moja yenye shule tano: ya kilimo, ardhi na mazingira, ya kemia na fizikia, ya uhandisi, ya sayansi za viumbe, na ya hisabati, takwimu na kompyuta.

Msomaji ataniuliza, hilo lina faida gani zaidi ya kubadilisha vibao milangoni? Faida ni kwamba anayesoma samaki, anayesoma miti na anayesoma vijidudu wako chini ya mkuu mmoja na bajeti moja, na mashine ya bei mbaya inanunuliwa moja kwa ajili ya wote. Kwetu kila idara inataka ya kwake, mwisho wake hakuna inayoipata.

Na matunda yanaonekana. Kwenye kampasi ya Pietermaritzburg, kama kilomita 80 kutoka hapa pwani, kundi la Profesa Johannes van Staden lilifanya kazi miaka mingi juu ya jambo ambalo bibi zetu wanalijua. Bibi yangu alikuwa akitundika mahindi ya mbegu juu ya dari la jiko, moshi uyapate. Sisi tulidhani ni kwa ajili ya wadudu tu. Watafiti wale walijiuliza kwa nini mbegu nyingi huota vizuri zikishapata moshi, wakauchambua moshi mpaka mwaka 2004 wakaipata kemikali yenyewe inayoiamsha mbegu, wakati mmoja na wenzao wa Australia waliokuwa wakiitafuta kivyao. Hiyo ni botania na kemia kwenye meza moja. Kwenye ndaki hiyo hiyo wahandisi wa Howard College walirusha roketi yao Machi 2021 ikapanda karibu kilomita 18, na wanahisabati na wanafizikia wana kitengo cha kusoma nyota na asili ya ulimwengu tangu 2004. Sisemi Tanzania irushe roketi. Nasema kitivo kinachojua kupanga watu wake kinaweza kuchagua hata jambo la ajabu na likafika mwisho.

Sasa nije kwenye lile ninaloliona kwa macho yangu, yaani ujirani. Mwaka 2006 dunia ilishtuka kusikia habari za Tugela Ferry, kijiji cha jimbo hili. Katika hospitali ya pale waligunduliwa wagonjwa 53 wenye kifua kikuu sugu kisichosikia karibu dawa zote. Walikufa 52. Nusu yao hawakumaliza siku 16 tangu makohozi yao yachukuliwe. Mwenye kuelewa kazi ya wodi atajua maana ya siku 16: majibu ya maabara yanarudi, mwenye jina hayupo.

Kilichofuata ndicho kinachonifundisha. Jibu halikuwa tume ya kuchunguza wala semina elekezi. Jengo la utafiti wa kifua kikuu na VVU lilijengwa kwa fedha za taasisi ya Howard Hughes ya Marekani pamoja na chuo, likafunguliwa 2012, na halikujengwa makao makuu Pretoria. Lilijengwa ndani ya kampasi ya shule ya udaktari hapa Durban. Kituo cha utafiti wa UKIMWI kinachoitwa CAPRISA, kilichoanzishwa 2002 na akina Profesa Salim na Quarraisha Abdool Karim, kiko kampasi hiyo hiyo. Kituo cha kusoma vinasaba kiitwacho KRISP kilianzia hapo 2017. Mwanafunzi wa biolojia anayetaka kujua kirusi kinavyobadilika hahitaji kuandika barua ya kuomba kutembelea taasisi. Anavuka korido.

Desemba 2020 niliuona ujirani huo ukifanya kazi. Wagonjwa wa korona walianza kujaa tena, na madaktari wa Eastern Cape wakasema huu mwendo si wa kawaida. Sampuli zililetwa Durban, na ndani ya mwezi huo watafiti wakiongozwa na Profesa Tulio de Oliveira wakaitangazia dunia kwamba kuna aina mpya ya kirusi, ile iliyokuja kuitwa Beta. Mwaka uliofuata mtandao huo huo wa maabara ukaitangaza Omicron. Nchi ilipata adhabu kwa kusema ukweli, ndege zikazuiwa. Lakini ilisema.

Hapo mtu wa nyumbani atasema: sisi tuna Ifakara, ambako utafiti ulianza tangu miaka ya 1950, tuna NIMR tangu 1979, na kazi zao zinajulikana duniani. Ni kweli kabisa, na ndiyo hoja yangu. Utafiti wetu mkubwa wa afya tumeuweka nje ya vitivo. Taasisi ziko upande wake na wanafunzi upande wao, na kati yao kuna barabara, barua na bahati. Wachache wanaokwenda huko kwa mafunzo wanarudi wamebadilika. Wengi wanamaliza miaka mitatu wakiisoma malaria ubaoni, katika nchi ambayo mbu yuko dirishani.

Tatu ni fedha, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Serikali ya Afrika Kusini haimpi profesa zawadi akichapisha makala. Ina kanuni, inayojulikana na kuhesabiwa kila mwaka. Makala ikitoka kwenye jarida linalotambuliwa, chuo kinalipwa ruzuku, na kwa miaka ya karibuni imekuwa zaidi ya randi 100,000 kwa makala nzima. Mwanafunzi wa uzamili wa utafiti akihitimu anahesabiwa sawa na makala moja. Mwanafunzi wa uzamivu akihitimu anahesabiwa mara tatu. Rudieni tena sentensi hiyo. Serikali imesema kwa lugha ya fedha kwamba kumzalisha mtafiti mmoja ni bora kuliko kuandika makala mbili. Fedha zinaingia chuoni, na vyuo vingi vinampa mtafiti sehemu yake kwenye akaunti ya utafiti, si kwenye mshahara. Hawezi kuzijengea nyumba. Anaweza kununua vitendanishi, kukarabati jokofu, kumlipia mwanafunzi nauli ya kwenda kukusanya sampuli.

Sasa linganisheni na kwetu. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza tuzo ya hadi shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha kwenye majarida makubwa ya sayansi na tiba. Niwe mkweli, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza mwanasayansi anashangiliwa kama mchezaji mpira. Lakini nilipokaa nikafikiri, nikaona tumemtuza mpishi na kuliacha jiko bila kuni. Milioni 50 zinaingia kwa aliyekwishafanikiwa, mara nyingi kwa kutumia maabara ya nje aliyoalikwa. Maabara ya idara yake inabaki vile vile. Mwanafunzi aliyepima sampuli usiku hamo kwenye hesabu. Na mwakani hakuna ajuaye kama tuzo itakuwepo, maana ni mapenzi ya bajeti.

Msije mkadhani naidharau nyumbani. Vichwa tunavyo, na ushahidi ninao. Kitivo cha Sayansi pale Mlimani kilianza 1965, nchi ikiwa na wasomi wa kuhesabu kwa vidole. Ni mwanabotania wa kitivo hicho, Profesa Keto Mshigeni, aliyeanza majaribio ya kulima mwani Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1989 kilimo hicho kikawa biashara, na leo maelfu ya watu wa Paje, Jambiani, Pemba na pwani ya bara, wengi wao wanawake, wamesomesha watoto kwa mwani. Bahari ilipoanza kupata joto na mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, ukaanza kufa, ni Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, aliyehangaika na akina mama hao kuulima kwenye maji ya kina kirefu kwa nyavu. Niambieni ni mradi gani wa wafadhili uliomfikia mwanamke wa pwani kuliko udadisi wa hao wawili.

Ushahidi mwingine unaziunganisha Durban na Dar moja kwa moja. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme la Kihansi linajengwa, alionekana chura mdogo wa manjano kwenye rasharasha za maporomoko, chura anayezaa badala ya kutaga mayai, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Waliomwandika kisayansi walikuwemo Profesa Kim Howell wa zuolojia pale Mlimani na John Poynton, aliyekuwa profesa hapa Durban kwenye Chuo Kikuu cha Natal. Mto ulipochepushwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha zilipungua na chura akaanza kutoweka. Mwaka 2000 wachache walipelekwa Marekani kutunzwa, na 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Kisha 2010 wakarudishwa, wakatunzwa na wataalamu wetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kule Kihansi, na 2012 wakaanza kurejeshwa kwenye bonde lao. Kazi ya namna hiyo haifanywi na nchi isiyo na vichwa.

Tatizo ni kwamba tukishampata mwanasayansi mzuri tunamtoa maabara na kumpa ofisi. Profesa Mshigeni alichukuliwa Namibia kuwa kiongozi wa chuo, na aliporudi akawa Makamu Mkuu wa chuo kingine. Profesa Mayunga Nkunya, mkemia aliyebobea katika dawa zitokanazo na mimea yetu, alipewa kuisimamia Tume ya Vyuo Vikuu. Siwalaumu, nchi iliwahitaji na walifanya kazi kwa heshima. Naulaumu muundo unaofanya ukuu wa ofisi uwe ndiyo njia pekee ya mtu mwenye akili kupata gari, nyumba na kusikilizwa. Hapa Durban mtafiti anaweza kuzeeka maabara, akalipwa vizuri, akaheshimiwa kuliko mkuu wa ndaki yake. Kwetu profesa asiye na cheo ni "mwalimu tu".

Na tuna ugonjwa mwingine, wa kuzidisha. Kila mkoa unataka chuo chake kama unavyotaka stendi ya mabasi. Chini ya mradi wa HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, zinajengwa kampasi mikoani, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Lindi na Kagera. Sipingi mtoto wa Lindi kusomea kwao. Nauliza: walimu wa sayansi watatoka wapi kama si kwa kuichana Mlimani ile ile vipande? Na mkopo huo watakaoulipa ni pamoja na huyu mdogo wangu anayeulizia vitendanishi.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo zito. Kitivo cha sayansi kina kazi moja ambayo hospitali, wizara na gazeti haviwezi kuifanya badala yake: kumwambia mtawala kwamba amekosea, kwa vipimo. Julai 2000 mkutano mkuu wa UKIMWI wa dunia ulifanyika hapa Durban, mara ya kwanza Afrika. Rais Thabo Mbeki alikuwa akitia shaka kama VVU ndiyo husababisha UKIMWI. Wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia sahihi Tamko la Durban kusema kwamba ushahidi uko wazi. Msemaji wa rais akasema karatasi hiyo ikifika ofisini itaishia kwenye pipa la taka. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa profesa wa chuo cha hapa hapa, marehemu Hoosen Coovadia. Alisakamwa kweli kweli na wakubwa, lakini hakunyamaza, na kazi yake ilibaki. Kwa nini? Kwa sababu Makamu Mkuu wa chuo hapa huchaguliwa na Baraza la chuo, na fedha za maabara hazitoki mfuko mmoja. Hata hivyo gharama ya kuchelewa ilikuwa kubwa: watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa kukosa dawa miaka ile. Bila kelele za akina Coovadia ingekuwaje?

Miaka 20 baadaye ikawa zamu yetu. Mei 2020 Rais Magufuli aliliambia taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi, na takwimu zikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mpaka alipokuja Rais Samia mwaka 2021. Mimi nilikuwa wodini hapa, nimevaa barakoa mbili, napigiwa simu na ndugu wakiniuliza nini cha kuamini. Sitaki kumhukumu marehemu. Naviuliza vitivo vyetu vya sayansi. Kama kipimo kilikuwa kibovu, ni nani alipaswa kukichunguza na kuchapisha majibu? Kama kilikuwa kizima, ni nani alipaswa kusema? Nchi nzima yenye maprofesa wa biolojia, kemia na takwimu, na hoja ya kisayansi ikajadiliwa jukwaani kama ya kisiasa. Na nawaelewa walionyamaza. Sheria ya Takwimu ilikuwa imekazwa 2018 kwa wanaotoa takwimu zinazopingana na za serikali, na ingawa ililegezwa 2019, hofu hailegei kwa marekebisho ya sheria. Mshahara unatoka Hazina, na uteuzi wa Makamu Mkuu tumezoea kuusikia ukitangazwa kutoka Ikulu. Mwenye mtoto shuleni atasema nini?

Kabla hamjafungasha mabegi kuja huku, niseme na ya upande wa pili. Durban si peponi. Kanuni ya kulipa kwa makala imewafanya wengine wahesabu makala badala ya kufikiri, na wapo waliochapisha kwenye majarida ya ovyo ili mradi ruzuku iingie. Septemba 2016 wakati wa vurugu za ada, maktaba ya sheria ya Howard College ilichomwa moto. Mgeni mweusi bado anatembea akijiangalia, tuliokumbuka Aprili 2015 tunajua. Na mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, majaribio kadhaa hapa yalikatika katikati. Wanawake waliojitolea kujaribu pete ya kuzuia VVU waliitwa ili pete zitolewe miilini mwao, si kwa sababu sayansi imeshindwa, bali kwa sababu mtu mmoja mbali sana amesaini karatasi. Afrika Kusini yenyewe iko chini ya ile asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti ambayo viongozi wa Afrika waliihimiza Addis Ababa mwaka 2007. Kwa hiyo hata jirani tajiri bado anapikia kwa moto wa kuazima. Mlimani nako Uswidi wametubeba tangu miaka ya 1970. Tujiulize siku wakichoka.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na wenye ujuzi zaidi mnirekebishe.

Moja, tuzo ya milioni 50 igeuzwe kuwa kanuni. Sehemu ndogo abaki nayo mtafiti, kubwa iende kwenye maabara ya idara yake, na mhitimu wa uzamivu ahesabiwe zaidi ya makala. Iwe kwa sheria, isitegemee waziri gani yupo.

Mbili, kila kampasi mpya ipewe jirani wa kweli. Kama ni Lindi, kitivo kikae na shamba na bahari. Watafiti wa Ifakara, NIMR na hospitali za rufaa wapewe nafasi rasmi za kufundisha vyuoni, na wanafunzi wa sayansi wapewe muhula mzima huko.

Tatu, mtafiti mwandamizi alipwe sawa na mkuu wa ndaki bila kulazimika kuwa mkuu wa ndaki.

Nne, mabaraza ya vyuo yachague wakuu wao, na sheria imlinde mtafiti anayechapisha matokeo yaliyopitiwa na wenzake hata kama yanamuudhi mkubwa.

Na sisi wa nje tuache kutuma makontena ya vitabu vilivyotupwa na maktaba za watu. Wenye uzamivu wasimamie hata mwanafunzi mmoja wa nyumbani kwa mbali. Sisi wauguzi na wengine tuchange tununue vitendanishi vya mwanafunzi mmoja, kwa jina la idara, na tudai risiti.

Mdogo wangu nilimwambia hivi: huku watakupa vitendanishi, njoo usome. Akaniuliza, "Halafu nikimaliza dada, nirudi wapi?" Nilimwambia arudi nyumbani. Akanyamaza kidogo, akauliza kama maabara itakuwepo. Hilo sikuweza kumjibu, ndiyo maana nimeandika.